Mfuko wa Buni

Nilifundisha watoto Kurani peke yangu hapa Bweranyange kwa miaka kumi na sita, na katika miaka hiyo niliomba kupumzishwa mara tatu. Mara ya kwanza wazee wa jamaa walinisomea Fatiha wakanipa kanzu mpya. Mara ya pili waliniombea dua ndefu, kisha wakaniongezea kazi ya kuosha maiti, kwa kuwa, walisema, mtu mwenye subira kama yangu hapatikani. Mara ya tatu nilikuwa na sababu. Sababu yenyewe ilikuwa binti wa miaka minane hivi, aliyekaa juu ya jiwe akinisubiri.

Sisi wa Bweranyange tulikuwa masalio ya wafanyabiashara. Baba zetu walikuja kutoka pwani na misafara, wakajenga Kafuro, mwendo wa saa mbili kwa miguu ya mtoto, wakauza nguo na shanga, wakanunua pembe, wakaoa kwa Wanyambo, wenyeji wa nchi, wakafa, wakazikwa hukohuko. Kisha sotoka ikaua ng'ombe wa nchi nzima, biashara ikalegea, Mjerumani akajenga boma lake Bukoba, na kila mwenye mtaji akahamia ziwani. Kafuro yakabaki makaburi na migomba isiyo na mwenyewe. Nyumba chache zilizobaki tukasogea Bweranyange, tukafungua vibanda vya chumvi, majembe na kaniki, tukasimamisha msikiti wa udongo na nyasi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumsahihisha mtu matangani. Alikuwa anasoma Yasini, akaruka aya mbili, nami kijana mwenye kiherehere nikazirudisha zile aya kwa sauti. Baba yangu alikuwa amenihitimisha msahafu mara mbili, na sauti nilikuwa nayo. Wazee wakatazamana. Wiki haikuisha, nikaletewa watoto tisa mlangoni, kila mmoja na ubao wake, na baba zao wakaniambia kwa desturi ya pwani kwamba mifupa ni yao, nyama ni yangu ya kuchapa. Nilipouliza mpaka lini, mzee mmoja alinijibu kwamba kazi ya Mungu haina mpaka lini. Hilo nililiona neno zuri wakati ule.

Kazi hiyo ilikuwa fisabilillahi, bila ujira. Asubuhi kabla ya kufungua kibanda niliwasomesha, jioni baada ya alasiri niliwasomesha tena. Lakini kusomesha ndiko kulikokuwa kwepesi. Chuo ni watoto, na watoto wana miguu. Niliwapeleka kuokota kuni, niliwapeleka mtoni kuosha mbao za kuandikia, niliwafundisha kukoroga wino wa masizi, kufunga jeraha kwa jani la mgomba, kujua njia kwa kivuli. Aliyechomwa na mwiba alikuja kwangu, na walioshikana mashati walikuja kwangu wote wawili. Baba zao walikuwa safarini muda mwingi, na mama zao walikuwa mashambani. Mwalimu alikuwa yupo sikuzote, kama mlango.

Kila mwaka mwezi wa Shaabani, kabla ya Ramadhani kuingia, niliwapeleka Kafuro kusafisha makaburi ya babu zao. Tulikwenda na majembe madogo na vibuyu, tukang'oa magugu, tukanyunyiza maji, tukasoma, tukarudi. Safari hiyo ndiyo watoto waliyoipenda kuliko zote. Mimi pia niliipenda, miaka ya mwanzo.

Shida ilikuwa kuwahesabu. Mwaka wa kwanza nilisimama njiani nikawanyooshea kidole, mmoja, wawili, watatu, na mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage kando ya njia akaacha jembe, akaja mbio, akamvuta mwanawe nyuma ya nguo yake. Huku watu hawahesabiwi. Ng'ombe hawahesabiwi, watoto hawahesabiwi. Anayewahesabu anawaita wapungue. Nilimweleza kwamba mimi Mwislamu na siamini mambo hayo. Akaniambia yeye anayaamini, na mtoto ni wake.

Mke wangu, Mnyambo wa upande wa Rubwera, alicheka sana nilipomsimulia. Kwao walikuwa na ng'ombe kabla ya sotoka, na baba yake alimjua kila ng'ombe kwa rangi na pembe, hakuwahi kutaja idadi. Lakini aliona kwamba mimi si baba yake na kwamba watoto hawana pembe. Akanishonea mfuko mdogo wa ngozi ya mbuzi. Kila mtoto, alisema, akupe buni moja asubuhi mnapoondoka. Mkirudi, kila mtoto achukue moja. Ikibaki moja mfukoni, kuna mtoto amebaki njiani. Hakuna aliyehesabu mtu.

Buni za kahawa huku kila nyumba inazo. Zinachumwa, zinachemshwa na majani ya harufu, zinaanikwa zikakauka, kisha zinatafunwa na maganda yake. Mgeni akija anapewa buni kabla hajaulizwa habari. Watu wakitaka kuwa ndugu hugawana buni moja, kwa sababu ndani yake mna punje mbili. Mtu anatembea na buni kwapani, kiunoni, kwenye pindo la nguo, na mkono unakwenda kuzichukua wakati akili iko kwingine. Mimi nilizitafuna tangu sijaota meno ya pili. Neno hili litieni akilini.

Njia ile ilifanya kazi vizuri hata wazee wakaisifu. Watoto waliipenda zaidi, maana ile ya kurudi ilikuwa yao ya kutafuna. Nami nikawapa kanuni moja, nikawakaririsha pamoja na sura fupi: ukibaki nyuma usitangetange, usilie, usifuate sauti; kaa palepale ulipo, buni yako itabaki mfukoni, na mwalimu atarudi. Kwa miaka mingi buni ilibaki mara mbili tu. Mara zote mbili nilirudi, nikamkuta mtoto palepale, mmoja amelala usingizi.

Sijui nilianza kuchoka lini. Uchovu wa namna ile hauna siku ya kwanza. Nilijikuta ninasahihisha herufi kabla mtoto hajaitamka, kwa kuwa nilijua atakosea wapi. Nilijikuta ninawaita wote kwa jina moja, la mwanafunzi wangu wa kwanza kabisa, ambaye wakati huo alikuwa ameoa na ana ndevu. Mgeni alipokuja kibandani kununua chumvi, nilimsahihisha matamshi. Mke wangu alinisikia nikimkemea mbuzi wetu kwa sauti ya chuoni, akaniambia kwamba mbuzi ametulia, kilichobaki ahitimu. Nilicheka, lakini sikupenda.

Nikisema nimechoka, watu walisikia kitu kingine. Wazee walisikia unyenyekevu. Wazazi walisikia ninataka kusifiwa, wakanisifu. Wenzangu wa vibandani walisema mbona wao pia wamechoka, na wao wanabeba mizigo, mimi ninakaa kwenye mkeka. Hakuna aliyesema uongo. Na jambo lililonikera zaidi, nalisema wazi, ni kwamba nilikuwa nimeacha kuipenda Kurani. Nilikuwa naisoma kama mtu anavyohesabu magunia. Hilo sikumwambia mtu, kwa sababu mwalimu hana wa kumwambia neno kama hilo.

Basi ikafika Shaabani ya mwaka wa kumi na sita. Binti ninayemsema alikuwa mtoto wa mjane mmoja, Mnyambo aliyeolewa na mfanyabiashara wa kwetu. Mumewe alikuwa amekufa kwa homa, akazikwa Kafuro, mmoja wa mwisho kuzikwa kule. Mjane aliuza ndizi na maharage karibu na msikiti, na hakuwa amesoma hata herufi moja, lakini alimleta binti yake chuoni kila siku bila kukosa. Alikuwa mtoto mkimya. Aliandika vizuri. Nilipomwita kwa jina la yule mwenye ndevu, aliitika bila kunisahihisha.

Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri. Watoto walipita mmojammoja wakatia buni zao kwenye mfuko, nikaufunga, nikauning'iniza kiunoni. Kafuro tulifika jua likiwa bado jepesi. Walilima, waling'oa, walirushiana udongo, nami nikakaa kwenye mzizi kivulini na goti langu linauma. Kaburi la mwisho lilikuwa la baba wa binti yule. Maji ya vibuyu yalikuwa yamekwisha, kwa hiyo nikamwambia binti ashuke chemchemini akateke ya kumnyunyizia baba yake. Chemchemi iko bondeni, nyuma ya migomba. Akachukua kibuyu akaenda.

Nikabaki nimekaa. Nakumbuka kwamba nilikuwa nikiwatazama watoto bila kuwaona. Nakumbuka pia kwamba nilitafuna kitu. Baada ya muda nikainuka, nikasema tusome tuondoke, jua linapanda. Tukasoma Yasini, na niliisoma mbio mno, watoto wakawa wananifuata kwa kudakia mwisho wa aya. Tukasema amina. Nikageuka, nikaongoza njia.

Adhuhuri haijaingia tulikuwa nyumbani. Chini ya mteremko wa msikiti nikafungua mfuko kama kawaida, na kila mtoto akatia mkono akatoa yake. Wa mwisho alichukua ya mwisho. Nikaugeuza mfuko ndani nje, nikaukung'uta, haukuwa na kitu. Nikawaambia waende kwao. Nilifurahi, si kwa sababu wamefika salama, bali kwa sababu wamekwisha.

Baada ya sala ya adhuhuri mjane akaja kibandani. Alinipa shikamoo, akasimama kando mpaka mteja aliyekuwepo akaondoka. Akaniambia binti yake hajamwona. Nikamwambia amerudi. Akauliza kama nilimwona kwa macho. Nikamwambia, na hapa najikumbuka vizuri nilivyosema, na sauti niliyotumia, kwamba mfuko ulikuwa mtupu, na mfuko hausemi uongo. Nikamweleza kanuni yote kama vile haijui. Nikamshauri aende kwa shangazi wa mtoto, labda amepitia huko. Alinitazama kidogo, akaenda kwa shangazi.

Alirudi baada ya muda. Kwa shangazi hayupo. Nilikuwa ninapima chumvi. Nikamwambia aulize kwa watoto wenzake, watoto wana mambo yao, wanaweza kuwa mtoni. Akaenda mtoni. Sikuinuka hata kidogo. Nilikuwa na hoja, na mtu mwenye hoja huwa mzito kuinuka.

Wakati najiandaa kwa alasiri nikasukutua, na ulimi wangu ukagusa kitu katikati ya meno ya nyuma. Nikakichokoa kwa kucha. Kilikuwa kipande cha ganda la buni.

Nilikitazama kidoleni. Siku ile nilitoka nyumbani bila buni za kwangu, kwa kuwa mke wangu alikuwa bado hajachemsha mpya. Hapakuwa na buni nyingine mwilini mwangu ila zile za mfuko. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe, pale kwenye mzizi, ukatoa moja, ukaitia mdomoni, nami nikaitafuna nikiwa macho kabisa. Ndiyo maana mfuko ulitoka sawa. Mtoto mmoja pungufu, buni moja pungufu.

Sikuswali. Nilitoka bila viatu. Njiani nilikutana na mjane akitoka mtoni, nikamwambia yuko Kafuro, nimemwacha mimi, kaa hapa. Hakukaa. Tulikwenda wote wawili, yeye mbele, maana goti langu halikuniruhusu. Kafuro wakati ule ilikuwa imerudi porini. Fisi walilala ndani ya nyumba za baba zetu, na mwaka uliotangulia chui alikuwa amechukua mbwa mchana. Niliomba Mungu. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu kusema na Mungu kwa maneno yangu.

Tulimkuta jua limeinama lakini halijatua. Alikuwa amekaa kwenye jiwe la kichwani pa kaburi la baba yake, amekumbatia kibuyu. Udongo wa kaburi ulikuwa na alama za maji. Alikuwa amerudi kutoka chemchemini akakuta hakuna mtu, akamnyunyizia baba yake maji kama alivyoagizwa, akakaa. Mama yake alimshika mabega, akamgeuza huku na huku akimtazama, kisha akakaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso kwa nguo.

Nilimwuliza binti kama aliogopa.

"Kidogo," akasema. "Lakini nilijua buni yangu imebaki."

Kisha akanyoosha mkono. Nilichukua muda kuelewa anataka nini. Alikuwa anataka buni yake, kwa kuwa ndiyo desturi, na alikuwa ameingoja tangu asubuhi.

Nilishika mfuko pale kiunoni kana kwamba ninaitafuta. Nikamwambia nimeiacha nyumbani katika haraka. Akakubali, akashusha mkono. Mama yake alikuwa ameufunua uso akinitazama, na nadhani yeye alielewa palepale, maana kama buni ingekuwa imebaki, nisingemwambia mchana ule kwamba mfuko ulikuwa mtupu. Tulirudi, tukafika usiku. Nyumbani mke wangu alikuwa ameshachemsha na kukausha juu ya meko. Nikachagua moja iliyokauka vizuri, nikampa. Ilikuwa bado na joto la moto na harufu mpya. Aliigeuza kiganjani, akanitazama, akaitia mdomoni.

Habari ilienea kesho yake, lakini ilienea kinyume. Ikawa hadithi ya mtoto aliyefundwa vizuri na mwalimu wake mpaka akakaa makaburini mchana kutwa bila kulia. Wazee walinipongeza. Mmoja alisema watoto wa boma, wanaofundishwa kuandika barua, wasingeweza. Kwa siku nne niliipokea sifa ile. Sina la kujitetea.

Ijumaa, baada ya sala, nilisimama. Nikaeleza yote: mzizi, goti, mkono, ganda kwenye meno, na namna nilivyomrudisha mjane mara mbili kutoka mlangoni pangu nikiwa na ushahidi kinywani. Nikasema kwamba mtu wa namna hiyo hafai kupewa watoto, nikaomba kwa mara ya tatu wanipumzishe. Watoto walikuwa wamekaa safu ya nyuma, wakasikia kila neno.

Kisha mzee wetu mkubwa akasema kwamba huyu ndiye mwalimu, anayekiri hadharani bila kulazimishwa, na akauliza tungempata wapi mwingine. Wakanisamehe wote kwa pamoja. Wakanisomea Fatiha. Mmoja alicheka kidogo akasema kuanzia sasa mwalimu atafune kabla ya kuondoka. Nilikaa chini, nikahisi hasira ambayo sikuwahi kuihisi msikitini. Ningependa wangenifukuza.

Jumamosi mjane akaja kibandani. Hakuja kununua. Mfuko wa ngozi ulikuwa umetundikwa kwenye msumari nyuma yangu, akawa anautazama badala ya kunitazama mimi.

"Mwalimu, wewe umechoka," akasema.

Hakusema kwa kunihurumia wala kwa kunilaumu. Alisema kama anavyosema mtu kwamba paa linavuja. Nilimwuliza ameliona lini. Akasema tangu mwaka ule nilipoanza kuwaita watoto wote jina moja. Binti yake alikuwa akirudi nyumbani akimwambia kwamba leo tena nimekuwa yule mwenye ndevu. Nikamwuliza mbona hakusema. Akasema yeye ni muuza ndizi, nani angemsikiliza. Na pia, akasema, alikihitaji chuo, na mwenye kuhitaji kitu haulizi kama kimechoka.

Hapo machozi yalinitoka, mbele ya magunia ya chumvi, mtu mzima mwenye mvi. Katika miaka kumi na sita nilikuwa nimesifiwa, nimeombewa, nimevikwa, na hakuna aliyewahi kunirudishia neno langu mwenyewe kama nilivyolisema. Akaningoja nimalize. Kisha akapita nyuma ya meza ya duka bila kuomba ruhusa, akautoa mfuko kwenye msumari.

"Mimi kusoma sijui," akasema. "Lakini kutembea najua, na kurudi nao najua. Wewe soma. Mimi nitabeba."

Wazee walinung'unika, kama ilivyotarajiwa. Mwanamke kuongoza watoto wa chuo, tena asiyejua alifu wala be. Nikawaambia kwamba anayejua alifu na be amemwacha mtoto makaburini, na kwamba wakimkataa yeye wamenikataa mimi pia, na safari hii sitaomba. Nilitumia neno moja ambalo halisemwi msikitini, nami silirudii hapa. Likasaidia kuliko miaka yote ya adabu.

Basi mjane akachukua kuni, mto, miiba na ugomvi. Mimi nikabaki na mkeka na mbao. Sitasema kwamba nilipona, maana uchovu ule haukutoka wote hadi leo. Lakini zilikuja asubuhi ambazo nilimsikia mtoto akisoma aya niliyoisikia mara elfu, nikaisikia. Na majina yao yakaanza kunirudia.

Shaabani iliyofuata tulikwenda Kafuro, mjane akiwa mbele. Alikuwa ameshasema kwamba yeye atarudisha buni nyuma ya kilima cha kwanza, kabla hatujafika mbali, si nyumbani. Watoto walitia buni zao. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na bakora yangu nikisubiri mwendo uanze, akaja akanifungulia mfuko mbele ya tumbo. Nikamwambia mimi si mtoto. Akaendelea kuushikilia wazi. Nikatia yangu.

Tulisafisha, tukasoma, na nilisoma polepole. Wakati wa kurudi, goti lilinikatalia kwenye mpando wa kwanza. Watoto walikuwa wanapita wakiimba, na sikutaka kumsimamisha mtu. Nikasema nipumzike kidogo, nitawafuata. Nikaketi kwenye jiwe kando ya njia, wa mwisho akapita, kelele zao zikashuka upande wa pili wa kilima, zikakoma.

Nilipojaribu kuinuka sikuweza. Goti lilikuwa limevimba kama kiazi. Ningeweza kuita wakati bado wananisikia, lakini sikuita. Niliona aibu, kisha muda ukapita. Jua likapanda. Kwenye nyasi ndefu kitu kilitembea, kikanyamaza. Nikaogopa, nalisema wazi, mimi mwenye miaka hiyo yote. Nilikuwa nimewakaririsha watoto kanuni ile kwa miaka kumi na sita, kaa palepale, mwalimu atarudi, na sikuwa nimejua ni kitu gani ninachowaambia wabebe. Binti yule alikibeba kutoka asubuhi mpaka jua kuinama. Mimi nilikibeba kwa muda wa kuchemsha ndizi, nikawa nimeshajiuliza mara kumi kama kuna mtu ameugeuza ule mfuko.

Nilisikia nyayo kabla ya kumwona. Binti yule alikuja mbio, kilemba cha mama yake kikiwa kimemdondokea shingoni, na nyuma yake, mbali, mama mwenyewe na vijana wawili wakubwa wa kunishika. Alisimama mbele yangu akihema. Ngumi yake ilikuwa imefumbwa. Akaifumbua.

"Mwalimu, yako imebaki," akasema. "Hii usiitafune peke yako."

Niliipasua kwa meno. Punje moja nikampa, moja nikaitia mdomoni, tukawangoja wengine wafike.